Mswaki na Sukari: Historia ya Meno ya Mwanafunzi wa Upanga

Kwa vizazi kadhaa, siku ya shule ya msingi nchini Tanzania imeanza kwa ukaguzi. Wanafunzi hujipanga mstarini, na mwalimu wa zamu pamoja na viranja wa usafi hupita wakitazama kucha, nywele, kola za mashati na meno. Mtoto hutakiwa kufumbua kinywa. Akionekana na utando wa njano huambiwa kwamba hakupiga mswaki, na pengine hutolewa mbele ya wenzake ili wamwone. Desturi hii ni ndogo na imezoeleka mno kiasi kwamba wachache huihoji. Hata hivyo ndani yake mna nadharia nzima ya ugonjwa, kwamba jino huoza kwa sababu mwenye jino ni mchafu. Nadharia hiyo ni nusu ya ukweli. Nusu ya pili inahusu sukari, maji, saruji ya kuzibia meno na lugha yenyewe ambayo kwayo watoto walifundishwa, nayo haijapata kusimuliwa kwa kiasi kinachostahili.

Upanga ni mahali pafaapo kwa masimulizi hayo. Eneo hilo, ambalo lina kata mbili za Upanga Mashariki na Upanga Magharibi, lilijengwa kwa wingi katika miaka ya 1950, wakati familia nyingi za Kihindi zilipokuwa zikihama mitaa iliyosongamana ya katikati ya mji. Mwaka 1956 ilifunguliwa huko hospitali mpya iliyopewa jina la Princess Margaret. Baada ya uhuru hospitali hiyo ikawa Muhimbili, na mojawapo ya majengo yake limeendelea kubeba jina la Sewa Haji, mfanyabiashara ambaye fedha zake zilijenga hospitali ya Waafrika na Wahindi mjini Dar es Salaam mwishoni mwa karne ya 19. Chuo cha tiba kilianzishwa mwaka 1963, na mwaka 1979 kikaongezewa idara ya kufundisha madaktari wa meno, ambao kabla ya hapo walilazimika kusomea nje ya nchi. Shule za msingi za Muhimbili, Olympio na Diamond zimo humo humo. Ng'ambo ya Barabara ya Morogoro ni Kariakoo, na soko lake ambalo jengo lake mashuhuri, lililobuniwa na msanifu Beda Amuli, lilifunguliwa mwaka 1975. Kwa hiyo mtoto, mwalimu, mwuza peremende, mwuza miswaki na profesa wa meno wameishi hapo kwa umbali wa kutembea kwa miguu. Ikiwa maarifa peke yake yangeweza kuyalinda meno ya watoto, basi meno ya Upanga yangelindwa kabla ya meno ya mahali pengine popote nchini.

Mambo yaanze na neno lenyewe. Mswaki limetoka katika Kiarabu, ambamo siwak na miswak hutaja kijiti cha kusugulia meno, hasa cha mti ambao wataalamu wa mimea huuita Salvadora persica na ambao Waswahili huuita kwa jina hilo hilo la mswaki. Kilichotokea neno lilipoingia katika Kiswahili ni jambo la kuvutia. Silabi ya mi-, ambayo katika Kiarabu ni alama ya jina la kifaa, ilifanana na kiambishi cha wingi cha ngeli ya miti. Yaelekea msikilizaji wa pwani aliposikia miswak alisikia vijiti vingi, naye akaunda umoja wake: mswaki. Njia hiyo hiyo ilipitiwa na msumari na mkasi, ambayo asili yake ni mismar na miqass. Neno likaingia katika ngeli ya miti, mahali pake hasa, kwa kuwa kijiti ni sehemu ya mti. Mgeni huyu alikaa vizuri mno hata msemaji wa leo hahisi ugeni wake.

Pamoja na neno ulikuja mpangilio wa maisha. Mapokeo ya Mtume yanausifu mswaki kabla ya sala, na udhu una sehemu yake ya kusukutua. Hivyo katika miji ya pwani usafi wa kinywa ulikuwa sehemu ya adabu ya mtu mzima mbele ya Mola wake na mbele ya wenzake, na ulifungamana na saa tano za siku badala ya kengele ya shule. Ncha ya kijiti ilitafunwa hadi nyuzi zikalegea kama brashi, ikasuguliwa juu ya meno, kisha ikakatwa ili ncha mpya ipatikane. Wengine, pwani na bara, walitumia vijiti vya miti mingine, mwarobaini ukiwa mmojawapo. Wengine walitumia mkaa uliosagwa, majivu au chumvi. Jino lilitunzwa pia kwa ajili ya uzuri, na uzuri huo haukuwa wa aina moja. Mwanya ulisifiwa, tambuu iliyatia meno wekundu, na kati ya Wamakonde na Wamakua meno yalichongwa. Na kwa aliyepoteza jino methali ilikuwa wazi na kali: jino la pembe si dawa ya pengo.

Kitu kimoja katika historia ya neno hili kinastahili kutazamwa kwa karibu. Brashi ya plastiki ilipoenea haikuja na jina lake. Ilichukua jina la kijiti. Leo mtoto wa Upanga akitumwa dukani kununua mswaki ataleta brashi, na kijiti cha asili ndicho kinachohitaji maelezo ya ziada, kikaitwa mswaki wa mti. Mwenye nyumba amekuwa mgeni nyumbani kwake. Dawa iliyokuja pamoja na brashi ilipewa jina la heshima zaidi: dawa ya meno. Kwa jina hilo bidhaa ya dukani ilipata hadhi ya tiba. Aliyeikosa, kwa mantiki ya lugha, ni mtu asiyetibiwa. Tangu hapo mzazi mwenye kipato kidogo, ambaye bibi yake aliyatunza meno kwa kijiti kisichogharimu kitu, angeweza kuona haya mbele ya mwalimu kwa kukosa kirija cha dawa. Haya hiyo haikuwa na msingi mkubwa katika sayansi. Kuanzia miaka ya 1980 watafiti wa Muhimbili na wenzao kutoka Uholanzi walivipima vijiti miongoni mwa wanafunzi wa Tanzania kama kifaa halali cha usafi, na mwaka 2000 taarifa ya pamoja ya wataalamu wa kimataifa ilikubali kwamba vijiti vina nafasi yake, ingawa ilitaka utafiti uendelee. Kitu ambacho kijiti hakina kwa uhakika ni floraidi, yaani madini yanayoliimarisha tabaka gumu la nje la jino. Hapo dawa ya dukani, ikiwa na madini hayo, ina faida isiyokanushika.

Sukari nayo ni neno la Kiarabu, na nyuma ya Kiarabu ni lugha za Bara Hindi. Katika karne ya 19 miwa ililimwa katika bonde la Mto Pangani kwa kazi ya watumwa, na sukari guru ikasafirishwa kwa majahazi. Kwa watu wa kawaida utamu huo ulikuwa wa sikukuu: halua, kashata, visheti. Muwa wenyewe ulitafunwa wakati wa msimu wake. Chai yenye sukari kila asubuhi, ambayo leo inaonekana kuwa desturi ya tangu jadi, ilienea mijini wakati wa ukoloni, pamoja na mshahara wa mwezi na duka la rejareja. Kiwanda cha Arusha Chini kilianza katika miaka ya 1930, Kilombero kikafuata mwanzoni mwa miaka ya 1960, na baadaye Mtibwa na Kagera.

Kwa nini sukari huozesha meno ni swali lililojibiwa mbali na pwani hii, japo si bila uhusiano nayo. Wakati majeshi ya Wajerumani yalipokuwa yakipambana na Bushiri, aliyenyongwa Pangani Desemba 1889, katika jiji la Berlin daktari Mmarekani W. D. Miller alikuwa akikamilisha hoja yake kwamba bakteria wa kinywani hugeuza sukari na wanga kuwa tindikali, nayo tindikali huila jino. Hoja hiyo iliizika kwa wataalamu imani ya kale ya mdudu wa jino, iliyokuwapo Babeli na Ulaya na ambayo katika Kiswahili bado huishi kwa kauli kwamba jino limeliwa na wadudu. (Mwenye kusema hivyo hayuko mbali sana na Miller, ila wadudu wake ni wakubwa mno.) Katika miaka ya 1940 Robert Stephan alipima jinsi tindikali inavyopanda mara tu sukari inapoingia kinywani, na jinsi mate yanavyohitaji muda wa nusu saa hivi kuirudisha hali ya kawaida. Kisha likaja jaribio la Vipeholm nchini Sweden, lililofanywa kati ya 1945 na 1953 kwa wagonjwa wa akili ambao hawakuombwa ridhaa. Jaribio hilo ni fedheha ya kimaadili. Matokeo yake, hata hivyo, hayakusahaulika: kilichodhuru zaidi kilikuwa sukari yenye kunata, iliyoliwa mara nyingi baina ya milo, kuliko wingi wake katika mlo mmoja.

Kiswahili kina kitenzi kinachotaja tendo hilo hilo kwa usahihi wa kushangaza: kumumunya, yaani kukiacha kitu kiyeyuke polepole kinywani bila kukitafuna. Peremende humumunywa. Barafu ya mfukoni humumunywa, na ubuyu wenye sukari na rangi vilevile, kokwa moja baada ya nyingine. Lugha ilikuwa na neno ambalo Vipeholm ilitumia miaka minane kulitafuta. Ila somo la usafi shuleni mara nyingi halikulitumia. Lilisema: usile vitu vitamu, amri ambayo hakuna mtoto anayeweza kuitii na ambayo hata mwalimu, akiwa na kikombe chake cha chai ofisini, haitii.

Serikali huru ilipoanza kupanga afya ya umma, meno hayakuwa mbele, na hilo halistahili lawama. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, iliyowakusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio, ilihusu malaria, kuhara damu, minyoo ya safura, kichocho na kifua kikuu. Mtoto aliyekuwa akifa kwa malaria hakuwa na haja ya mhadhara juu ya magego. Lakini Mtu ni Afya iliacha urithi wa namna ya kusema ambao somo la meno liliupokea. Afya ilielezwa kuwa zao la mwenendo: chimba choo, fyeka majani, chemsha maji. Kwa choo na mbu kauli hiyo ilikuwa na mantiki, kwa kuwa kijiji kilichochimba vyoo kiliweza kuikata njia ya maradhi. Iliponyooshewa jino ilipoteza kitu. Mtoto hakuweza kuifyeka sukari.

Elimu ya msingi kwa wote ilipotangazwa mwaka 1977, madarasa ya Upanga na Kariakoo yalifurika kama ya kwingineko. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ulianza mpango wa kitaifa wa kufundisha afya ya meno katika shule za msingi, na Wizara ya Afya ikatoa Mpango wa Taifa wa Afya ya Kinywa wa 1988 hadi 2002. Idara mpya ya Muhimbili ilipeleka watu wake madarasani, si kung'oa tu bali kuhesabu. Hesabu hiyo ilileta mshangao. Shirika la Afya Duniani pamoja na Shirikisho la Madaktari wa Meno Duniani lilikuwa limeweka lengo kwamba ifikapo mwaka 2000 mtoto wa miaka 12 asiwe, kwa wastani, na zaidi ya meno 3 yaliyooza, yaliyong'olewa au yaliyozibwa. Watoto wengi wa Tanzania walikuwa chini kabisa ya kiwango hicho tangu mwanzo, wakati wenzao wa Ulaya, wenye brashi na dawa na madaktari, walikuwa wametoka juu yake kwa mbali. Fizi za watoto wa Tanzania zilitoka damu na ukoga ulionekana kwa wingi. Uozo ulikuwa mdogo. Uchafu na uozo, ambavyo ukaguzi wa asubuhi uliviunganisha, havikwenda pamoja.

Sababu haikuwa siri. Sukari ilikuwa haba. Baada ya vita vya Uganda vya 1978 na 1979, na kwa miaka kadhaa iliyofuata, sukari iligawiwa kwa kipimo, foleni zilianza alfajiri, na mwaka 1983 serikali iliendesha msako wa wahujumu uchumi ambamo magunia yaliyofichwa yalitafutwa majumbani na maghalani. Soda ilikuwa kitu cha harusi. Hakuna mzazi aliyeishukuru foleni hiyo, wala hakuna sababu ya kuitamani irudi, lakini magego ya watoto waliozaliwa wakati huo yaliandikwa nayo historia. Biashara ilipofunguliwa kuanzia katikati ya miaka ya 1980, na viwanda vya sukari vilipobinafsishwa kuanzia mwaka 1998, mambo yaligeuka haraka. Lango la shule likawa soko dogo. Akina mama na vijana waliokosa ajira walipanga mabeseni yao: mihogo ya kukaanga, bagia, maembe mabichi na pilipili, kisha kashata, ubuyu, barafu za rangi, bigijii, lawalawa za kuuzwa moja moja. Kuuza moja moja ndiko kulikowezesha mtoto mwenye sarafu moja kununua, na ndiko pia kulikolifanya tendo lirudiwe mara nne au tano kwa siku. Chupa ya soda ya mililita 350 ina takriban gramu 35 za sukari au zaidi kidogo, yaani vijiko vya chai vinane au tisa, na mtoto anayeigawa kwa funda ndogo katika kipindi cha mapumziko huuanza upya kila mara ule muda wa tindikali ambao Stephan aliupima.

Wauzaji hao si maadui wa afya. Wengi ni wazazi wa watoto wa shule hiyo hiyo, na beseni la kashata ndilo linalolipia sare na daftari. Shule zilizowafukuza langoni ziliwaona wakirudi upande wa pili wa barabara. Walimu nao walifundisha walichopewa. Ursuline Nyandindi na wenzake, waliofanya utafiti wa miaka ya 1990 juu ya elimu ya meno katika shule za msingi za Tanzania, walilielekeza swali mahali pake: walichunguza namna mwalimu mwenyewe anavyoandaliwa, na kama somo linaweza kuwa la vitendo badala ya kukaririshwa. Ni jambo moja kumwambia mtoto asugue meno mara mbili kwa siku. Ni jambo jingine kukata kijiti pamoja naye, kukitafuna, na kumwonyesha meno ya nyuma yasiyofikiwa. Darasa la watoto mia moja, ambalo halikuwa ajabu baada ya ada kufutwa na mpango wa MMEM kuanza mwaka 2002, halina bomba la maji la kutosha kwa somo la namna hiyo.

Ukaguzi wa asubuhi uliweza pia kukosea waziwazi. Dar es Salaam hupokea familia kutoka kila mkoa, na miongoni mwa wanafunzi wapya wamekuwapo watoto waliokulia miteremko ya Mlima Meru na sehemu nyingine za Bonde la Ufa, wenye meno ya kahawia yenye mabaka. Rangi hiyo haitokani na uvivu. Inatokana na floraidi iliyozidi katika maji waliyokunywa meno yalipokuwa yakijijenga ndani ya taya, na wakati mwingine katika magadi yaliyopikiwa maharage. Shirika la Afya Duniani hushauri kiasi kisizidi miligramu 1.5 kwa lita, ilhali Tanzania kwa miaka mingi, kwa kulazimika, iliruhusu kiasi kikubwa zaidi ya hicho. Mtoto wa namna hiyo angeweza kusugua hadi fizi zitoke damu na doa lisiondoke. Kiranja mwenye daftari la usafi hana njia ya kujua hayo, na neno analolijua ni moja tu: mchafu.

Tukio jingine la miaka ile ile linaonyesha kwa uzito zaidi nguvu ya jina. Katika miaka ya 1980 ilienea hofu ya meno ya plastiki, au meno ya nailoni. Mtoto mchanga akipata homa na kuhara, fizi zake zilikaguliwa, na palipoonekana uvimbe mweupe mahali pa chonge palisemwa kuwa na jino bandia linaloua. Mganga alikipasua na kukitoa kichipukizi cha jino kwa kisu au kwa spoku ya baiskeli, au alikisugua kwa dawa za miti. Kilichotolewa kilikuwa jino halisi la utoto ambalo halijakomaa, laini na jeupe, na kwa hiyo lenye kufanana na plastiki. Watafiti wa Muhimbili, wakiwamo Matee mwaka 1991 na Kikwilu na Hiza mwaka 1997, walieleza kuenea kwa desturi hiyo na madhara yake: damu, maambukizo, na kwa walionusurika chonge zilizopotea au zilizoota zikiwa zimepinda. Watoto hao waliingia darasa la kwanza wakiwa na mapengo ambayo hakuna mswaki ungeyazuia. Inafaa kuzingatia kwamba ugonjwa ulipewa jina la bidhaa ya kiwandani katika miaka ile ile ambayo plastiki ilikuwa ikijaa majumbani na sukari ikirudi madukani. Jamii ilihisi kwamba kitu kigeni kimeingia kinywani mwa mtoto. Ilikosea tu ni kitu gani.

Habari haikuwa ya hasara peke yake. Tatizo lililowakabili madaktari wa Dar es Salaam walipokwenda vijijini lilikuwa kwamba kuziba jino kulihitaji mashine, mashine ilihitaji umeme, na umeme haukuwapo. Matokeo yake jino lililotoboka kidogo lilisubiri hadi litoboke sana, kisha likang'olewa. Katikati ya miaka ya 1980 Jo Frencken, Mholanzi aliyefanya kazi katika idara ya meno ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na wenzake wa hapa nchini, alijaribu kuliondoa lile tabaka laini lililooza kwa vifaa vya mkono tu, vijiko vidogo vya kukwangulia, na kulijaza tundu kwa saruji ya meno inayoshika yenyewe. Mtoto hakusikia mngurumo wa mashine, na mara nyingi hakuhitaji sindano. Mwaka 1986 njia hiyo iliwasilishwa mjini Dar es Salaam katika mkutano wa chama cha madaktari wa meno wa Tanzania. Ilijaribiwa baadaye Thailand na Zimbabwe kwa saruji bora zaidi, ikatangazwa na Shirika la Afya Duniani Aprili 1994, mwaka ambao Siku ya Afya Duniani ilihusu kinywa, na mwaka 2021 aina ya saruji inayotumiwa katika njia hiyo, pamoja na dawa ya meno yenye floraidi, iliingizwa katika orodha ya dunia ya dawa muhimu. Mbinu iliyozaliwa kwa kukosa umeme Tanzania sasa hutumiwa hata katika nchi tajiri kwa watoto wanaoogopa mashine. Jambo hilo linajulikana zaidi Nijmegen na Geneva kuliko katika vyumba vya walimu vya Upanga.

Sababu mojawapo ni kwamba njia hiyo haina jina la Kiswahili lililozoeleka. Wataalamu huitaja kwa herufi tatu za Kiingereza. Mzazi anayempeleka mtoto zahanati ana vitenzi viwili tu mkononi, kung'oa na kuziba, na kati ya hivyo cha kwanza ndicho anachokitamka akifika, kwa kuwa ndicho alichokizoea na ndicho chenye gharama anayoweza kuikisia. Daktari huuliza tatizo ni nini. Mzazi hujibu kwa kutaja tiba. Wanaofanya kazi katika vituo vya meno wanaijua hali hiyo: mtoto huletwa usiku wa tatu wa maumivu, baada ya karafuu na maji ya chumvi kushindwa.

Mtaala wa darasa la kwanza na la pili ulipobadilishwa mwaka 2015, usafi wa meno uliwekwa chini ya somo lililopewa jina la Kutunza Afya na Mazingira, na kila mwaka tarehe 20 Machi, Siku ya Afya ya Kinywa na Meno Duniani, madaktari hutembelea shule wakiwa na miswaki ya kugawa. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2022 ilikadiria kwamba watoto milioni 514 duniani wana meno ya utoto yaliyooza na yasiyotibiwa, na kwamba karibu nusu ya watu wote wana ugonjwa wa kinywa wa aina fulani. Upanga si kisiwa tena.

Liko jino moja ambalo historia hii yote hulipitia. Mtoto anapofikisha miaka sita hivi, umri ule ule wa kuandikishwa darasa la kwanza, gego huota nyuma kabisa ya meno ya utoto, juu na chini, kulia na kushoto. Haliondoi jino lolote, haliachi pengo, na kwa sababu hiyo halitangazwi. Hakuna anayeling'amua isipokuwa ulimi wa mwenyewe. Ni jino la kudumu, ambalo litatafuna chakula chake akiwa na miaka 60 iwapo litafika, na ndilo ambalo mara nyingi huwa la kwanza kuoza, kwa kuwa sehemu yake ya juu ina mifereji ambamo kashata hukaa na brashi haifiki. Kiswahili cha nyumbani kina jino la utoto na kina jego la uzee, lakini hakina neno la kila siku kwa gego hili. Wazazi wengi huliona limetoboka mtoto akiwa na miaka minane, wakasema ni la utoto, litang'oka na jingine litaota.